Goti Lililogoma

Pale kijijini Murukulazo watu wanaimba. Wanaimba wakipalilia maharage, wanaimba msibani, wanaimba hata wakigombana na mbuzi wa jirani. Lakini nyumba iliyokuwa ikilia jioni ni moja tu, ya Faustini na mkewe Adelfina, na kilichokuwa kikilia humo hakikuwa mtu. Lilikuwa gitaa.

Usifikiri ni gitaa la kupakata. Hili lilisimama kwa miguu minne kama meza ya cherehani, nyuzi kumi zimelazwa juu yake, na Adelfina alikaa nyuma yake kwenye kigoda kama fundi nguo. Mkono wa kushoto ulitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia ukizidonoa. Chini palikuwa na pedali tatu za kukanyaga. Na kwenye tumbo la gitaa zilining'inia nyenzo mbili za chuma, moja upande huu wa goti la kushoto, nyingine upande ule. Ukilisukuma goti kushoto, nyuzi mbili zinapanda nusu sauti. Ukilisukuma kulia, nyuzi zilezile zinashuka. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Sauti haikuruka kutoka hapa kwenda pale. Iliteleza, kama mtu anayeita jina la mwenzake aliye ng'ambo ya bonde.

Gitaa hilo alilipata Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi. Kambi ilipofurika mwaka wa tisini na nne, Adelfina alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba na asiye na la kufanya, akaajiriwa kwenye matangi ya maji, kusimamia foleni ya ndoo. Fundi wa pampu alikuwa mgeni kutoka Kanada, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye kila kazi ilipoisha alikaa kwenye hema lake akalipiga gitaa lake. Wakimbizi walikaa nje kwenye vumbi wakisikiliza, na Adelfina pamoja nao. Siku moja aliingia ndani bila kukaribishwa, akasimama mbele ya gitaa na kusema kwa Kiswahili cha shule, "Nifundishe."

Yule fundi hakumwanzishia juu, kwenye nyuzi. Alilipindua gitaa miguu juu, akamwonyesha tumbo lake. "Ukitaka kulijua, lipindue," alimwambia. Humo ndani mlikuwa na vyuma vyembamba kama spoku za baiskeli, vimelala sambamba kutoka kwenye nyenzo na pedali hadi mwisho wa kulia, mahali nyuzi zinapovutwa. Goti linasukuma wenzo, wenzo unazungusha mhimili, kikono kilichopo kwenye mhimili kinavuta spoku, spoku inavuta uzi. Adelfina alicheka. Aliona ni breki za baiskeli, tofauti ni kwamba hizi zinaimba.

Kambi ilipofungwa, mgeni alirudi kwao na gitaa halikupata nafasi kwenye ndege, akamwachia mwanafunzi wake. Adelfina alilibeba kichwani hadi nyumbani kwa baba yake. Baba alimwuliza kama ni kitanda cha mtoto. Tangu hapo lilihudhuria arusi yake na Faustini, ubatizo wa binti yao Keza, na karibu kila misa ya kigango chao. Mwanzoni wazee walinung'unika kwamba mwanamke anatikisa magoti mbele ya altare. Adelfina aliwaambia, "Fungeni macho mkisali, hamtayaona." Mwishowe waliyazoea, wakawa wanajisifu kwa watu wa vigango vingine.

Halafu ikaja ajali. Alikuwa akipeleka mikungu ya ndizi Lusahunga, kwenye vibanda vya chakula wanapolala madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo. Lori moja lilikuwa limeharibika barabarani, wenyewe wametandaza matawi ya miti nyuma yake kuwa alama. Dereva wa bodaboda aliyembeba Adelfina aliyaona matawi akiwa amekwisha kuyafikia. Alikwepa. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Adelfina alivunjika nyonga ya kushoto.

Alilala hospitali mguu umening'inizwa kwa vizito mpaka akawajua wagonjwa wote wa wodi kwa majina na kwa mikoromo yao. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza bila kuzunguka. "Utatembea, mama. Utakanyaga, na mguu utauinua. Ila kuupeleka pembeni, kushoto au kulia, usiutegemee tena. Mfupa umeunga vibaya."

Adelfina alikuwa akiuliza swali jingine moyoni, ambalo daktari yule asingelielewa.

Alipofika nyumbani hakwenda kitandani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gitaa, akaketi, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali. Pedali ilikubali. Akaudonoa uzi, kisha akaliamuru goti liende kushoto. Goti halikwenda. Akaliamuru liende kulia. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni, paja likatetemeka, na wenzo ukabaki umening'inia umbali wa unene wa kidole kutoka kwenye goti, kama kitu cha dukani ambacho mtoto anakitazama kupitia kioo. Alijaribu kulisukuma goti kwa mkono. Goti lilisogea, lakini mkono uliokuwa ukilisukuma ndio ulipaswa kuwa kwenye nyuzi.

Faustini alikuwa mlangoni. Ni mtu mpole, mkulima wa migomba asiyeweza kushika hata wimbo wa taifa, na uchungu wa mkewe ulimkaa vibaya. "Mama Keza," alisema, "sauti ya mdomo bado unayo. Si utaimba tu na wenzako?"

"Wanaoimba wapo wengi," Adelfina alijibu bila kugeuka. "Mimi si mwimbaji. Mimi ni mpiga gitaa."

Haukupita muda mrefu, mwenyekiti wa kwaya alikuja kumjulia hali. Ni Gozbert, mnunuzi wa kahawa, mtu mwenye bidii anayependa mambo yaende, na ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyebeba kwaya ile mabegani. Alikuja na sukari na mkungu wa ndizi, akaketi, akamsifu Yesu Kristo, akapokea glasi ya rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa Faustini. Wakaongea habari za mvua. Kisha akakohoa.

"Mama Keza, jubilei ya kigango inakaribia. Wageni watatoka parokia nzima. Nimeliwaza sana jambo lako, nisikuache hivihivi. Kuna bwana mmoja Mwanza anakusanya vyombo vya muziki vya zamani. Nilimtumia picha ya gitaa lako. Amesema kwa umri wake ni lulu, analitaka. Sharti lake moja tu, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Lisiguswe hata skrubu. Kwa fedha hiyo kwaya itapata kinanda, nawe utapata cha kujikimu."

"Nani alikutuma kumpelekea picha?"

Gozbert aliitazama glasi yake. "Nilidhani nakusaidia."

"Unanisaidia kuzikwa na pumzi bado zipo."

"Usiseme hivyo, Mama Keza. Mimi ni ndugu yako. Tazama hali yako. Chombo kizuri kama hiki kukaa bure ni dhambi. Na kikiguswa kinapoteza thamani, ndivyo alivyosema mwenyewe."

Adelfina alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kumbe kina thamani kwa sababu hakijaguswa. Na mimi niliyeguswa na kuvunjwa, umenitafutia mnunuzi wa wapi?"

Faustini alijifanya kumfukuza kuku.

"Mwambie bwana wa Mwanza," Adelfina aliendelea, "kwamba gitaa limegoma kuuzwa. Na jubilei nitapiga."

"Utapigaje?"

"Hilo niachie mimi na goti langu."

Ukweli ni kwamba wakati akisema maneno hayo hakujua atapigaje. Alijua tu kwamba hatanyamaza. Gozbert alipoondoka, alimwomba Faustini amsaidie kulipindua gitaa, wakalilaza juu ya mkeka uani, miguu juu, kama yule mgeni alivyofanya Benaco. Alilala kifudifudi kando yake na kulitazama. Alifuata spoku moja kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akairudia. Faustini aliona midomo yake ikicheza, akafikiri anasali.

"Baba Keza," alisema hatimaye. "Goti la kushoto limegoma. La kulia limegoma?"

"Mbona hilo ni zima."

"Sasa kwa nini mimi namfuata mgomaji nyuma kumbembeleza? Nyenzo zitahama. Zote mbili zinakwenda kulia."

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Kwa vyuma ilimaanisha kung'oa vishikio vya nyenzo na mihimili yake, kutoboa matundu mapya kwenye ubao wa miaka mingi, na kukata spoku zote nne, kwa sababu ukisogea kulia unakaribia mahali nyuzi zinapovutwa na chuma kinakuwa kirefu mno. Ukishakata, hakuna kurudi. Bwana wa Mwanza hangelitaka tena, na kama hesabu ya Adelfina ilikuwa na kosa, yeye mwenyewe asingekuwa na gitaa.

Walilifunga juu ya gari dogo la abiria, wakaenda Lusahunga kwa Maduhu. Huyu ni Msukuma aliyehamia pale miaka mingi, fundi wa kuchomelea, na trela nyingi zipitazo njia ile zina mshono wake mahali fulani. Adelfina alipanda gari kwa upande, kwa sababu mguu haukubali kupanuka. Walipopita mahali alipoangukia, Faustini alimgusa bega, akimtaka atazame upande wa pili. Yeye alikodoa macho palepale, hadi kona ilipopaficha.

Maduhu alisikiliza maelezo yote huku akijifuta mikono kwa tambara. Kisha alilizunguka gitaa, akainama, akachungulia.

"Shikamoo kwanza, mama. Mimi nashona matrela. Chuma kikiharibika naongeza chuma. Hiki ni kitu cha watu, cha zamani, kimetengenezwa kwa akili. Nikikitoboa pabaya utanilaani mpaka kwetu Shinyanga."

"Marahaba. Kutoboa nitatoboa mimi. Wewe nikatie vyuma."

"Wewe?"

"Nipe keekee."

Maduhu alimtazama Faustini, kama mafundi wafanyavyo mwanamke akisema jambo gumu mbele ya mumewe. Faustini aliinua mabega. "Mpe," alisema. "Mimi nilishaacha kubishana."

Adelfina alilalia mkeka wa Maduhu, akapima kwa kamba kutoka kwenye goti lake la kulia, akatia alama kwa chaki, akapima tena. Madereva wawili watatu waliokuwa wakisubiri trela zao walisogea. Mmoja wao, Mnyarwanda mcheshi, aliuliza kwa sauti kama bibi anaichinja meza. Wengine wakacheka. Adelfina aliweka ncha ya keekee kwenye ubao. Kwa kitambo mkono wake haukuzunguka. Nataka ujue hivyo, kwamba aliogopa. Ubao ule haukuwahi kuumizwa na mtu, na sasa yeye ndiye angeanza. Kisha akaliona paja lake mwenyewe, lenye kovu refu la mshono, na akasema kwa Kihangaza cha kwao maneno ambayo Faustini hakuyatafsiri kwa wageni. Keekee ikazunguka. Unga wa mbao ukamwagika, mkavu, wenye harufu tamu kama ya sanduku la nguo za bibi. Tundu likapita.

Baada ya hapo Maduhu hakuweza kukaa mbali. Alipiga magoti upande wa pili, akashika vishikio, akakaza skrubu, akakata spoku na kuzichonga meno mapya mwishoni. Moja ilikatika kwa uzee. Alitupa macho kwenye baiskeli yake iliyoegemea ukuta, akacheka, akang'oa spoku ya gurudumu la nyuma. "Nitapanda ikiyumba," alisema. "Si mbali."

Mazoezi ya kwaya yaliyofuata, Adelfina alikuwa amekaa mahali pake, chini ya dirisha la kulia la kanisa la kigango, kabla ya wenzake kufika. Gozbert alimwona, akasimama, kisha akapitiliza bila neno. Kikuza sauti kikaunganishwa na betri. Wakaanza wimbo wa matoleo.

Ubeti wa kwanza alipiga kwa mikono na pedali tu, akisikilizia. Ubeti wa pili akasukuma goti la kulia. Goti lilikwenda, likaendelea kwenda, likakaribia kugonga mguu wa gitaa, na nyuzi zilikuwa bado hazijafika zilikotakiwa. Kwaya iliingia kwenye kiitikio, gitaa likiwa nyuma yao kama mzee anayekimbilia gari. Alipoliachia goti lirudi, uzi mmoja haukurudi. Ulibaki umening'inia katikati, si juu si chini, na ulitoa sauti iliyowafanya akina mama wa sauti ya pili wazibe midomo kwa khanga. Mtu mmoja alicheka waziwazi. Wimbo ukafa.

Gozbert aliinua mkono, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililouma zaidi. "Umejitahidi, Mama Keza. Kila mtu ameona. Basi, tuendelee bila gitaa."

"Hatuendelei," Adelfina alisema.

"Mama Keza..."

"Miaka yote nimewasubiri ninyi mkikosea. Sauti ya nne ilikosea ule wimbo wa Pasaka Kwaresima nzima, nikakaa hapa na chuma mkononi nikisubiri. Leo mtanisubiri mimi. Faustini, shika huku."

Wakalipindua gitaa palepale, miguu juu, mbele ya watu wote. Wengine walisogea kutazama. Hawakuwahi kuona tumbo lake. Adelfina aliketi sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha. Kosa la kwanza alilitambua mara moja. Kila kikono kina matundu kadhaa ya kunasia spoku. Alikuwa amenasa kwenye tundu lililo karibu na mhimili, ambako wenzo unakuwa mwepesi lakini goti linasafiri safari ndefu ili kuvuta kidogo. Akazinasua spoku, akazipeleka tundu la mbali. Sasa safari ingekuwa fupi, na wenzo ungekuwa mzito. Uzito haukumtisha. Tangu ajali, mguu ule wa kulia ulikuwa ukiubeba mwili wote peke yake.

Kosa la pili lilimchukua muda. Alizungusha wenzo kwa mkono na kuachia, akatega sikio, akazungusha tena. Mwisho aliiona: ile spoku ya baiskeli ya Maduhu ilikuwa imepinda kidogo, ikiikwaruza nyingine kila iliporudi. Akaichomoa, akainyoosha juu ya ngazi ya altare kwa ubapa wa bisibisi, akaipaka mafuta ya cherehani, akairudisha. Akakaza skrubu ya kituo, ile inayouzuia wenzo usipite mahali pake. Gitaa likasimamishwa. Kwa funguo ndogo, mwishoni kwa upande wa kulia, akazungusha nati za plastiki moja moja, akisukuma goti na kusikiliza, hadi nyuzi zilipopanda zikatua, zikashuka zikatua.

"Haya," alisema. "Kuanzia mwanzo. Na sauti ya nne, mfungue macho."

Walioimba siku ile bado wanaisimulia. Ilipofika kiitikio, goti la kulia lilisukuma, na kile kilio ambacho kigango hakikukisikia tangu ajali kikapanda kikajaza paa la mabati. Suzana, mama mtu mzima wa sauti ya kwanza, aliacha kuimba akalia. Adelfina hakulia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesukuma gari topeni, na jasho likimtiririka, na alipomaliza alisema tu kwamba wenzo wa pili bado mzito kidogo.

Jubilei ilifika, wageni wakajaa hadi nje. Alipiga misa nzima. Alikosea mahali pawili ambapo mguu wa kulia ulisahau kazi yake mpya na kukanyaga pasipohitajika. Wanaojua walisikia, wasiojua walidhani ni urembo. Baada ya misa, wakati wa chakula, Gozbert alimfuata na sahani yake mkononi.

"Padre amesema sauti ilikuwa juu mno."

"Alisema hivyo akiwa amekasirika?"

Gozbert alitafuna. "Hapana. Alikuwa anapiga makofi." Kisha akaongeza, kwa maana si mtu wa kuacha jambo lake, "Lakini kinanda tutanunua tu, Mama Keza. Nitachangisha. Vijana wanakitaka."

"Nunueni. Mimi sikukataa kinanda. Nilikataa kukipisha." Akampa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake, na Gozbert akakipokea.

Bwana wa Mwanza baadaye alipiga simu, mara hiyo moja tu. Alipoambiwa kuhusu matundu mapya na spoku ya baiskeli, alisema ni msiba. Adelfina alimpa pole kwa msiba, akamuaga.

Ukienda Murukulazo sasa hivi utamkuta uani, gitaa limelala miguu juu, yeye kando yake na bisibisi. Kuna jambo ameligundua. Goti la kushoto halikubali kwenda kushoto wala kulia, hilo limesema na limesimama kwenye neno lake. Lakini linainuka. Ukiweka wenzo mmoja juu yake, wa kusukumwa kwenda juu, linaweza kuvuta uzi ambao gitaa lile tangu litengenezwe halikuwahi kuuvuta. Faustini amemwuliza kama kweli kuna haja, si tayari anapiga vizuri. Amemjibu kwamba mguu ule umekaa bure vya kutosha, na kwamba kesho watakwenda kwa Maduhu.